Picha ya Pasipoti ya Mama Watoto

Jumatatu, 3 Machi

Shajara yangu, niwie radhi. Sijakufungua tangu nilipostaafu ukaguzi wa shule, na sina udhuru unaoweza kusimama mbele ya mkaguzi yeyote. Nilikuwa ninajifunza kupiga picha. Kamera ni zawadi ya kifungua mimba wetu, aliyeolewa nchi jirani. Aliituma ili, kwa maneno yake, nipate kitu cha kukagua badala ya sufuria za mama yake.

Habari kubwa! Kifungua mimba atajifungua mwezi ujao, naye amemwomba mama yake aende akae naye. Mama watoto hana pasipoti. Fomu imejazwa, imebaki picha tu. Alikwisha kufunga mtandio aende studio ya hapo njiani, kwa kijana tunayemwita Chapuchapu, kwa kuwa mteja hajakaa vizuri kitini, picha imeshatoka. Nikasimama mlangoni. Nikauliza: nyumba yenye mpiga picha inakwendaje kununua picha? Akajibu kwamba hata nyumba yenye kuku hununua mayai, kuku akiwa hatagi.

Nikaiacha hiyo ipite. Nikamkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii tumbo lenyewe halimngoji mtu.

Mwishowe amekubali. Kesho picha. Jambo dogo.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi, uani, mbele ya ukuta mweupe. Mwanga safi. Nilimpanga mama watoto: kidevu juu, mabega chini, macho mbele. Akauliza kama baada ya hapo tutaimba na kuingia darasani. Nikamwomba afumbe mdomo. Akasema basi nifanye upesi, chungu kiko motoni. Sikufanya upesi. Nilirekebisha ukosi, nikarudi kwenye kamera, nikaenda tena kurekebisha mtandio. Chungu kikaungua. Lawama zote nikapewa mimi.

Nikatangulia na picha ofisi ya pasipoti, ikakaguliwe. Mama wa dirishani, karani anayening'iniza miwani shingoni, aliitazama. Akaivaa miwani. Akaitazama tena. Akauliza kama na mjusi anasafiri.

Mjusi! Amejibandika ukutani, karibu kabisa na sikio la mama watoto, kama hereni. Nilikagua kidevu, mabega na ukosi. Mjusi sikumkagua.

Nyumbani nilisema ofisi ilikuwa na msongamano. Mama watoto akainyakua picha mkononi mwangu, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mjusi ametoka vizuri kuliko yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetambua kosa. Si langu; ni la uani. Mpiga picha makini hufanya kazi ndani, penye mwanga wa dirisha. Nilitundika shuka jeupe kwenye kabati, nikamkalisha mama watoto ubavuni mwa dirisha. Upande mmoja wa uso uling'aa, wa pili ukazama gizani. Nilishikwa na bumbuwazi. Hii ni picha ya kutundikwa ukumbini! Mama watoto alipoiona alisema anafanana na mtu anayechungulia ugomvi wa jirani.

Mama wa dirishani naye akauliza: baba, nusu nyingine iko wapi? Nikamweleza habari za mwanga na kivuli. Alinisikiliza kwa adabu, foleni ikinung'unika nyuma yangu. Kisha akauliza kama nusu moja inasafiri na nusu inabaki kulinda nyumba. Watu wakaangua kicheko. Niliondoka nikiwa nimenyooka.

Jioni kifungua mimba alipiga simu kuuliza siku ya safari. Miguu imevimba, na daktari anasema huenda mtoto akatangulia tarehe. Mama watoto akamjibu kwamba picha bado. Alipoiweka simu chini, alinigeukia akasema, kwa upole ulionichoma kuliko ukali, kwamba kama sitaki aende niseme tu, nisimsingizie mjusi.

Nilimwambia suala ni mwanga tu.

Suala ni mwanga tu. Ni kweli kwamba nyumba hii bila yeye itakuwa kubwa mno, lakini hilo halihusiani na kamera.

Ijumaa, 7 Machi

Njama. Nimekwenda kwa Chapuchapu nikijifanya mteja, ili nimwibie ujuzi. Nilivaa koti. "Shikamoo mzee wangu" ikanipokea kabla sijavuka kizingiti. Nilikusudia kuchunguza taa zake, pazia lake, umbali wa kiti. Nikaketi. Mwanga ukamulika. Akasema tayari. Nikalalamika kwamba sijajiandaa. Akajibu ndiyo maana imetoka vizuri.

Mzee aliye pichani ana macho ya mtu aliyepitishwa kituo chake. Ni mimi.

Kijana alipoingia nyuma kutafuta mkasi, niliona picha nyingine juu ya meza. Mtandio ninaoujua. Kidevu ninachokijua, nacho kimekaa mahali pake bila kuamriwa. Nyuma peupe. Hakuna mjusi. Nusu zote mbili zipo.

Chapuchapu alirudi, akaona ninapotazama, akaanza kufuta meza isiyo na vumbi. Akakiri kwamba mama alipita asubuhi, atazifuata picha jioni, na alimwomba asimwambie mtu. Akaniomba nami nisimwambie mama kwamba yeye ameniambia. Nikamwahidi. Nikamwambia pia kwamba pazia lake limekunjamana. Halikukunjamana.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Jumapili, 9 Machi

Nilingoja aseme. Hakusema. Basi nikalitundika tena lile shuka, kwa kiburi tu, nione atafanya nini.

Akafunga mtandio. Akaja akaketi. Picha zake zimo mkobani, mkoba umening'inia nyuma ya mlango, nami najua. Naye amekaa kitini, mikono mapajani, ananingoja nimpange. Kidevu sikukitaja. Mabega sikuyataja.

Simu ikalia. Kifungua mimba anamsimulia mama yake jinsi mumewe anavyojifunza kufunga nepi kwa kutumia tikiti maji, na jinsi tikiti lilivyomponyoka likapasukia sebuleni. Mama watoto akacheka. Kichwa kikaenda nyuma, mtandio ukateleza, mkono mmoja ukatafuta meza ya kushikilia. Akasahau kabisa kwamba nipo. Nami, kwa mara ya kwanza tangu nishike kamera, sikusema neno. Nilibonyeza tu.

Mdomo wazi. Macho yamefumbwa. Ukosi kombo. Kwa pasipoti haifai hata kidogo. Nimeitazama mpaka betri ikaisha.

Baadaye nikamwambia kwamba kesho aende dirishani mwenyewe, pengine yule mama ananionea mimi. Alitupia jicho mkoba nyuma ya mlango. Akasema ndiyo, pengine.

Ijumaa, 21 Machi

Ameondoka. Pasipoti ilitoka mapema. Hakunionyesha ukurasa wenye picha, nami sikuuomba. Hata mkaguzi ana siku yake ya kutokagua.

Kituoni alifungua mkoba kutafuta tiketi, nikaiona ile picha ya kicheko. Nilikuwa nimeisafisha kwa siri na kuificha droo ya soksi. Nilisahau nani hupanga soksi. Nikamwambia picha hiyo ina makosa matatu. Akasema anayajua yote, na mjukuu ataanza kumjua bibi yake kwa hiyo. Kisha akaniagiza nile chakula kabla hakijapoa, nisipige picha sufuria, na nimwache mjusi wa watu.

Basi likaondoka. Kamera ilikuwa shingoni. Nilisahau kuitumia.

Jumamosi, 19 Aprili

Mjukuu amefika! Msichana! Mama na mtoto ni wazima. Mama watoto alipiga simu alfajiri, na nyuma yake nikasikia kilio cha mtu anayejua haki zake. Kifungua mimba akaichukua simu. Baba, njoo, akasema. Usitume salamu, njoo. Mama watoto akadakia kwamba nije na kamera, lakini shuka nisije nalo, kwao kuta ni nyeupe. Akaongeza kwamba halali vizuri, kwa kuwa hakuna mtu wa kumlalamikia kila usiku, kama mimi, kwamba mito ya kulalia ni migumu.

Nahitaji pasipoti. Leo, si kesho.

Nilifungua droo. Picha zangu za kwa Chapuchapu zimo. Mama wa dirishani angezipokea bila hata kuvaa miwani. Lakini nilizichunguza kwa makini. Kidevu kiko chini kidogo. Bega la kushoto linajitenga. Mjukuu hawezi kuletewa babu mwenye bega la namna hiyo.

Basi nimetundika shuka. Kamera ina kitufe cha kujipiga mwenyewe: unabonyeza, unakimbia, unaketi. Picha ya kwanza: mgongo wa koti. Ya pili: kiti kitupu, nacho kimetoka vizuri sana. Ya tatu: goti. Nilipokimbia kwa ajili ya ya nne, shuka liliniangukia, na nilipotokeza upande wa pili nilikuwa nimeangusha kabati la vyombo. Hakuna aliyecheka. Jambo hilo lilinikera kuliko vyombo vyenyewe.

Lakini nimetambua kosa. Si langu, ni la ndani. Uani mwanga ni bora, na mjusi nitamfukuza kwa ufagio kabla ya kubonyeza. Kwa upande mwingine, dirishani uso hupata heshima fulani, hata ukiwa nusu. Mwanga naujua. Wote walioisifu ile picha ya nusu uso, yaani mimi, walikiri.

Jioni mama watoto amepiga tena, kuuliza kama nimekwenda ofisini. Nimesema kuna msongamano. Leo ni Jumamosi, ofisi imefungwa. Amesema nimsalimie mjusi.

Uani, au ndani? Nitakuandikia, shajara yangu, nikishaamua.