Vijiti Vyangu Vilivyopika Nyama ya Ntheo

Mimi hakuna kitu hunishangaza. Nilianza na darasa la nne na msumeno wa mkono, leo niko na yadi yangu ya mbao hapa Machakos, na madereva wa lori wananiita bosi hata kabla sijawalipa. Nilidhani nimeona yote. Halafu ikafika leo mchana. Nimeaibika, jamaa zangu, na nawaandikia mapema kabla hamjaisikia kwa wengine.

Kwa wale hawajui mbao, wacha niwafundishe kidogo. Mbao ikitoka kwa msumeno ni mbichi. Ukiilaza juu ya nyingine hivyo tu, inashika ukungu na kupinda. Kwa hivyo kati ya safu na safu unaweka vijiti vyembamba, hewa ipite. Vijiti vyenyewe lazima viwe vikavu kabisa na unene mmoja, la sivyo vinaacha alama kwa mbao za watu. Vyangu vilikuwa vikavu kama mfupa. Shida ni kwamba vililala ovyo yadi nzima, vingine vimekanyagwa na lori, vingine vimekuwa fimbo za kufukuza mbwa.

Wiki hii nikasema basi. Kesho naletewa mbao mbichi za viti vya kanisa, na mwenye kazi alishanionya kwamba nikimpa mbao zilizopinda tena, nisimtafute. Nikavipanga vijiti kwa urefu. Nikavifunga mafungu kwa mpira wa tyubu. Nikaviinua juu ya mawe visiguse udongo, nyuma ya jikoni, kwa sababu huko ndiko mvua haifiki. Nilisimama nikavitazama kama mtu amenunua gari. Kumwambia mtu ni vya nini, sikumwambia. (Mimi sielezi. Kazi yangu hujieleza.)

Sasa, leo ilikuwa pia ntheo ya binti yetu Mutheu, siku ya kuletewa mbuzi wa posa. Wazazi wa kijana anayemwoa wametoka Wamunyu na mbuzi, kama mila yetu inavyotaka, na mbuzi mmoja akachinjwa hapo hapo. Mke wangu, Mama Mutheu, alikuwa ameniomba kuni za siku hii wiki yote. Nilikuwa nikimjibu "nitaleta" mpaka neno lenyewe likachoka. Halafu akaacha kuuliza. Nikadhani amejinunulia.

Nyama ikaja mapema kuliko tulivyotarajia, laini, na baba ya kijana, Mzee Kilonzo, akasifu wapishi. Hapo mke wangu akasimama mbele ya watu wote, bado na aproni.

"Msisifu wapishi, sifuni moto," akasema. "Mimi na huyu mzee tuko pamoja miaka mingi. Hajawahi kuingia jikoni kwangu hata kuuliza chumvi. Lakini wiki hii amenipasulia kuni moja moja, akazipima, akazifunga, akanipangia nyuma ya jikoni bila kuniambia neno. Jumatano niliziona, nikalia."

Wamama wakapiga vigelegele. Nikageuza shingo polepole mpaka dirishani, nikaona moto. Moto mzuri sana, usio na moshi. (Vijiti vyangu havikuwa na moshi hata kidogo, hiyo niseme.)

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Lakini wakwe walikuwa wananitazama na heshima ambayo sijawahi kutazamwa nayo, na mdomo wangu ukatangulia.

"Hiyo ni kitu kidogo," nikasema. "Ongezeni zingine, wageni wasinywe chai ya vuguvugu."

Wakaongeza.

Nilipopata nafasi nikatoka kama mtu anaenda choo. Lilikuwa limebaki fungu moja, lile la vijiti virefu. Nikaliingiza ndani ya koti nikaanza kuelekea yadi, nimenyooka kama askari wa gwaride, vijiti vimetoka kwa kola hadi juu ya kichwa. Nikapita kona ya jikoni, nikakutana uso kwa uso na Mzee Kilonzo akitoka choo cha kweli.

"Mkwe," akauliza, na huyo mzee hajui kunong'ona, "kwani kuni unajiibia kwako?"

Boma lote likageuka. Mutheu alifunika uso na leso.

Mke wangu akaja. Akanitazama mimi, akatazama fungu, akatazama moto, na nikaona amejua hizo hazikuwa kuni. Akalitoa fungu kwa koti langu taratibu, akampa mama ya kijana kwa mikono miwili.

"Alitaka kuwawekea kwa gari bila maneno," akasema. "Ndivyo amekuwa siku hizi."

Wakapiga makofi. Fungu langu la mwisho likaondoka kwenda Wamunyu.

Wageni walipotoka, akakaa kwa stuli akavua viatu. Akaniuliza vilikuwa vya nini. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, jinsi mbao inavyokauka. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia, ningevilinda hata na mvua," akasema. "Tukitafuta vingine nitasaidia kubeba. Lakini ile furaha ya Jumatano sirudishi."

Nimeifikiria furaha hiyo jioni yote. Aliona kazi iliyofanywa kwa upendo, na kweli ulikuwa upendo. Ni vile tu ulikuwa wa mbao.

Nikakimbia kwa mwenye mashine kabla hajafunga, nikapasuliwa vijiti vipya vya mbao kavu. Kurudi nikanunua kuni, kuni za kweli, mkokoteni mzima, nikazipanga mwenyewe nyuma ya jikoni, ndefu chini, fupi juu. Mkicheka chekeni polepole, mama amelala. Vijiti, kuni na mkokoteni, jumla shilingi elfu saba mia tatu na arobaini.