Mheshimiwa, Umechelewa Chanjo Yako ya Surua

Semeni Bakari,
Kitongoji cha Mikokoni,
Njia ya Moa, Mkinga.

Mheshimiwa Manase Hosea,
Mgeni Rasmi wa Uzinduzi wa Kliniki ya Kidijitali.

Shikamoo.

Natumaini u mzima, ingawa mfumo una wasiwasi na afya yako, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umelaliwa na mwanangu Sabiri, mwenye miezi kumi. Najua hujamsahau. Miezi mitatu iliyopita ulimbeba mbele ya kamera, akakukojolea tai. Malalamiko nimeyapanga kwa namba, ili wasaidizi wako wasipate taabu ya kuyasoma yote.

1. Mtandao ulikuja nao na ukaondoka nao. Siku ya uzinduzi liliegeshwa nyuma ya zahanati gari jeupe lenye mlingoti, simu zetu zikafufuka. Jirani yangu Zuwena alipokea ujumbe mia mbili na kumi na nne kwa mkupuo, mmoja ukimtaarifu msiba ambao arobaini yake tulishaila. Ukahutubia kwamba Mikokoni sasa imeunganishwa na dunia. Tukapiga vigelegele. Ulipoondoka, gari la mlingoti likakufuata, na dunia nayo ikapanda humo humo. Sele wa bodaboda alilifukuzia hadi barabara ya Horohoro ili video yake imalizike kupanda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni akiondoka abebe na dawa.

2. Siku hizi mtandao unashika mahali pamoja tu: nyuma ya banda la Mzee Msafiri la kukaushia nazi, ukisimama juu ya kinu kilichopinduliwa. Nao si wetu. Nikipanda pale na mtoto mgongoni, simu inanikaribisha Kenya, kisha inanila vocha kama niko safarini. Wallahi sijavuka hata kijito. Nikitaka kuongea na serikali yangu lazima nipitie nchi jirani, bila pasi, juu ya kinu.

3. Hili ndilo kubwa. Siku ile mtaalamu wa kompyuta alitaka kuonyesha watu jinsi mtoto wa kwanza anavyoingizwa kwenye mfumo. Sabiri akawekwa kwenye mizani. Mtaalamu akauliza, "Jina?" Wewe, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa mkononi mwako, ukajibu, "Manase Hosea." Makofi. Nikapaza sauti, "Jamani, huyu ni Sabiri!" Afisa mmoja mwenye kitambulisho shingoni akaniminya bega: "Dada, usituharibie shughuli. Tutarekebisha." Basi mfumo unajua kwamba Manase Hosea alikuwa na miezi saba, kilo saba na nusu, na ananyonya vizuri. Hongera.

4. Sabiri alipotimiza miezi tisa nilimpeleka chanjo ya surua. Muuguzi wetu Ruthi, msichana wa Lushoto mwenye huruma zake, akafungua kishikwambi. Humo yumo aliyeandikishwa siku ya uzinduzi, yaani wewe peke yako, na namba ya kadi ya mwanangu umeikalia. Kukuondoa kunataka mtandao. Na agizo lenu la maandishi linasema dozi haitolewi kwa mtoto asiyekuwemo kwenye mfumo. Nikamwambia, "Ruthi, mtoto si huyu hapa, anakuvuta nywele?" Akasema, "Mimi namwona, dada. Mfumo ndio haumwoni." Nimekwenda Jumanne nne.

5. Nikaenda wilayani kulalamika. Nikaelezwa, kwa upole kabisa, kwamba malalamiko ya kukosa mtandao yanapokelewa kwa njia ya mtandao. Nisamehe kwa karatasi hii.

6. Kila nikipanda kinuni ujumbe unaingia: "Mzazi wa Manase Hosea, mtoto wako amechelewa chanjo ya surua. Mlete kliniki haraka." Umeingia mara sita. Nimefikiri sana, Mheshimiwa. Kwa mujibu wa mfumo mliotuapia kwamba haukosei, mama yako ni mimi. Kwa hiyo ile shikamoo ya hapo juu naomba uirudishe, nami nitaitika marahaba.

Na kama mama nakuambia, mwanangu: Jumanne uje uchomwe. Uwahi, foleni ni ndefu. Vaa shati la mikono mifupi. Usiogope, nitakushika. Ukija wewe, gari la mlingoti litakuja. Likija gari, Ruthi atakutoa kwenye kadi na Sabiri atapata sindano yake. Ukiweza kukaa zaidi, kaa. Wenzetu mgeni humpa jembe siku ya tatu, sisi hatutakupa. Utakaa tu barazani, chai inakuja, mtandao unashika.

Sifanyi mzaha. Mtoto wa Leticia, nyumba ya tatu kutoka kwangu, tangu juzi ana homa na macho mekundu, na upele umeanzia nyuma ya masikio. Sabiri alicheza naye Ijumaa, wakanyang'anyana kijiko kimoja. Nimemgusa paji la uso mara ngapi tangu nianze barua hii, hilo halimo kwenye takwimu zenu.

Wasalimie wote ofisini, msalimie dereva wa gari la mlingoti, na mama yako yule mwingine, aliyekuzaa. Huku wanakusalimu Zuwena, Sele, na Mzee Msafiri pamoja na kinu chake.

Ni mimi, mama yako wa kwenye mfumo,
Semeni Bakari.

Nyongeza: Nilikuwa nakunja barua nimpe Sele, mara Ruthi huyo mlangoni, kisanduku cha baridi begani. Alikuwa ametoka kwa Leticia. Hata hodi hakumaliza: "Semeni, mshike mikono." Sindano ikaingia, Sabiri akalia, kilio kikaisha. Ruthi akatoa kaunta buku na kalamu, akaandika jina, tarehe, saini. Uji wangu jikoni haukuwahi hata kuchemka. Nikamuuliza, "Na mfumo?" Akajibu, "Mfumo una Manase. Mimi nina Sabiri."

Kwa hiyo usije, Mheshimiwa. Mtandao pia kaa nao. Kaunta buku limebakiza kurasa nne. Ukitupatia lingine mpe tu dereva alilete, usije kulizindua.

Jambo moja tu nakuomba. Ili wasimsumbue Ruthi kwamba dozi imekwenda wapi, kwenye kishikwambi ameandika umechomwa wewe. Wakikuuliza, sema ulikuja na mama yako, ukalia kidogo, ukanyamaza.