Yah: Droni ya Josephat Ifungwe Kamba

Nkwabi Maige,
Nyumba ya tatu kutoka kisimani,
Mtaa wa Mawe Pacha,
Mwanza.

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Bi. Modesta Maige.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia kiserikali, siyo kama baba yako mdogo. Shikamoo uliyoniamkia jana nimeiweka pembeni mpaka jambo hili liishe. Nilisoma hadi darasa la sita. La saba nililiona dirishani tu. Kwa hiyo herufi ikipotea usinihukumu, nihukumu kwa hoja.

Barua yako yenye mhuri inanikataza kurusha ndege yangu kwenye uwanja wa mtaa. Jumamosi hii marehemu Okwach anatimiza mwaka kaburini. Ndege ile tuliichonga naye, mabawa yake ni ya ule mti mwepesi ambao wavuvi hufanyia maboya, juu tukavika karatasi ya shashi. Kwa miaka hamsini yeye alikuwa mshika ndege na mimi mshika uzi. Mjane wake, Mama Achola, ameomba kitu kimoja: Jumamosi iruke, asikie ile injini. Mimi siwezi kwenda kumwambia mjane kwamba Okwach amezuiwa na mhuri.

Kwa faida ya wajumbe wako: ndege ya kamba ina injini ya kweli, ndogo kama ngumi ya mtoto. Mshika ndege huishikilia chini mpaka injini ikolee, kisha huiachia. Rubani husimama katikati ya uwanja na kishikio chenye nyuzi mbili, mmoja wa kupanda, mmoja wa kushuka. Ndege humzunguka kama ng'ombe kwenye kigingi, naye huzunguka nayo. Basi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeandika kwamba ndege yangu ni hatari. Ndege ya kamba haina tamaa. Tangu Bruda wa karakana ya misheni atufundishe mwaka 1974, haijawahi kutoka nje ya uwanja. Ukipiga hesabu ya mizunguko, mimi na Okwach tumeshafika Bukoba na kurudi bila kuondoka hapa. Nitajie kiongozi mmoja aliyesafiri hivyo bila kuaga.

2. Suala la dagaa. Ni kweli injini hunywa mafuta ya nyonyo, mafuta ya taa, na kitu cha tatu nisichokitaja kwenye barua ya serikali. Ni kweli mengine huyatema. Ni kweli mwezi uliopita upepo uliyapeleka kwenye dagaa wa Mama Ajwang walioanikwa nyuma ya goli, na mtaa mzima ukashinda chooni kuanzia Jumapili hadi Jumanne. Lakini nani alikufa? Mzee Pius, ambaye tumbo lilikuwa limefunga tangu Pasaka, alikuja kunishukuru kwa miguu yake mwenyewe, ingawa hakukaa.

3. Unadai uzi unaweza kukatika. Bruda alitaka waya wa chuma, sikatai, lakini waya umeliwa na kutu. Sasa natumia mshipi wa nailoni wa kuvulia sangara. Mshipi uliomvuta sangara wa kilo arobaini mpaka mtumbwini, ushindwe na ndege yenye uzito wa kuku wa mayai? Hunyumbuka kidogo, ndiyo. Nikivuta kupanda, ndege hufikiri kwanza. Hata mimi nikiitwa hufikiri kwanza. Haukatiki. Liandike kwenye muhtasari wa kikao: haukatiki.

4. Wakati mimi nazuiwa, Josephat mpiga picha za harusi ameachiwa anga. Yeye anakaa kivulini na kidude chake mkononi, droni inazurura kwa watu. Wiki iliyopita ilisimama juu ya bafu langu lisilo na paa, nami nina sabuni machoni. Niliisalimia, haikuitika. Ndege isiyo na kamba haina malezi. Ng'ombe hufungwa, mtumbwi hufungwa, hata mbuzi wa sikukuu hufungwa. Naomba kila droni ya mtaa huu ifungwe kamba isiyozidi mita kumi na tano, na mwenye nayo asimame katikati azunguke nayo mpaka ashikwe na kizunguzungu kama sisi. Kizunguzungu ndiyo leseni ya rubani.

5. Hiki nimekifuta. Kilimhusu mjumbe Revocatus, na Mama Achola amesema si cha Kikristo.

6. Ukishawafunga akina Josephat, haki iendelee. Wale korongo wenye upara wanaoshinda jalalani wanaruka bila kibali, bila kamba, na wanayoyaangusha si mafuta ya nyonyo. Siombi wafungwe wote kwa siku moja. Waanze viongozi wao.

Naomba tangi moja tu la mafuta, Jumamosi saa kumi jioni. Ni dakika sita. Mama Achola ndiye anayeshika ndege siku hizi. Huchelewa kuiachia, kila mara nadhani anaona kama kuna mtu anamwachia. Simharakishi.

Nisalimie wajumbe wote, mumeo, kwaya, na Mama Ajwang akikubali kusalimiwa. Hata Revocatus.

Ni mimi, mkazi mtiifu ninayezunguka palepale,

Nkwabi Maige, Rubani.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha nilikwenda kuujaribu uzi, ili kipengele cha tatu nikiapie kwa haki. Kipengele cha tatu kimekatika. Mama Achola aliachia vizuri kuliko siku zote, na mzunguko wa nne nikajikuta nazunguka peke yangu na kishikio mkononi. Ndege haikugeuka. Ilipita juu ya goli, juu ya dagaa (mwambie Mama Ajwang awaoshe), ikashika njia ya ziwani kama inaitwa. Mama Achola alipiga vigelegele, akasema Okwach hakuwahi kupenda kona. Mti wa maboya hauzami, kwa hiyo inaelea mahali fulani kati ya hapa na Ukerewe. Tafadhali mtume Josephat aje mbio na droni aitafute kabla ya Jumamosi. Asiifunge kamba. Kamba hazina maana.