Waraka wa Furaha ya Mbwa

Kuanzia Jumatatu, ilitangaza Ofisi ya Kanda iliyoko Bungoma, hakuna mbwa wa umma atakayefurahi bila kibali. Furaha ni mali ya serikali. Itaombwa kwa fomu, nakala tatu, itapigwa muhuri Kimilili na kuidhinishwa na Mkurugenzi Wabwile, ambaye ataikabidhi yeye mwenyewe mbele ya mpiga picha.

Huo ndio waraka uliomkuta mlinzi Nakhungu langoni mwa ghala la mahindi, Kitale. Alikuwa amemfunza Bosco, mbwa wa ghala, tangu akiwa kijibwa, kwa soksi kuukuu ya shule iliyoshindiliwa maganda ya mahindi. Mtu akitoka na mahindi aliyoficha, Bosco alimnusa, akaketi mbele yake na kubweka mara moja. Papo hapo soksi ilitoka mfukoni, wakaivutania kidogo, kazi ikaendelea. Miaka miwili hakuna aliyetoka pale na hata punje. Lakini Wabwile alipopita siku moja na kuona mfanyakazi wa umma akicheza saa nne asubuhi, alishtuka kiasi cha kuandaa semina, na semina ikazaa waraka.

Nakhungu alijaribu kumweleza kwamba mbwa asipochezeshwa papo hapo hajui anatuzwa kwa lipi.

"Mimi nilingojea promosheni miaka tisa," Wabwile akasema, "na sikusahau kazi. Yeye ni nani?"

Basi Bosco akawa ananusa, anaketi, anabweka, kisha anautazama mfuko wa Nakhungu. Fomu ilichukua siku kumi na tisa. Kufikia mwezi wa pili aliacha kunusa, akalala kivulini. Kitu kimoja tu kilimwamsha: gari la Wabwile. Mkubwa alishuka, akafungua buti, akatoa mpira wenye muhuri, akaurusha, akapigwa picha. Bosco akajua furaha inakaa ndani ya buti. Ofisi iliyaita hayo mafanikio.

Magunia nayo yakaanza kupotea. Nakhungu akapewa barua: aeleze yalikokwenda kabla mkaguzi hajafika, la sivyo arudi kwao Kabuchai akapalilie miwa. Kosa lilibidi liwe lake, kwa kuwa mbwa alikuwa ameshasifiwa kwa maandishi.

Mkaguzi, Bi. Mwihaki, alifika kutoka Nairobi siku ya Alhamisi. Wabwile alikuwa ametangulia tangu alfajiri, ati kupanga viti. Akahutubu dakika arobaini. Chini ya waraka wake, alisema, mbwa huyu hakosei. Atakachoonyesha kichukuliwe kuwa ushahidi. Kisha akaamuru afunguliwe amwonyeshe mwizi, huku akimtazama Nakhungu, ambaye mfukoni bado alikuwa na ile soksi ya maganda. Kilichomuuma Nakhungu zaidi ni kwamba mbwa aliyemlea kwa mikono yake ndiye angemfukuzisha kazi.

Bosco akampita. Mfuko ule ulikuwa umemnyima miezi mitatu. Akaenda moja kwa moja nyuma ya gari la Mkurugenzi, akaketi, akabweka mara moja.

Nakhungu alijua kabisa kwamba hakunusa kitu. Alitaka mpira wake. Wabwile naye alijua. Akafungua mdomo aseme mbwa hajui kazi, akazikumbuka zile dakika arobaini, akaufunga.

"Si umesema hakosei?" Mwihaki akauliza. "Basi fungua hiyo buti."

Ndani mlikuwa na magunia mawili yenye alama ya ghala. Juu yake, mpira.

Bosco akatikisa mkia. Mkaguzi akauliza kwa nini hapewi. Nakhungu akasema, kwa heshima zote, kwamba waraka hauruhusu bila fomu, ila bahati nzuri mwenye kuidhinisha yuko hapa hapa. Fomu zikaletwa. Wabwile akaandika juu ya boneti, jasho likidondokea karatasi, mpaka akafika palipoandikwa "Tendo lililostahili tuzo". Hapo kalamu ikakwama. Mwihaki akasimama begani kwake hadi akajaza: kugundua magunia ya wizi ndani ya gari la Mkurugenzi. Akatia sahihi, mara tatu.

Nakhungu akazipokea, akazisoma moja moja, bila haraka.

"Mkubwa, hii nakala ya tatu haisomeki," akasema. "Rudia."