Chembe za Mwanyumba

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe katoa shauri. Saa ya mkono ya marehemu baba mkwe itakwenda kwa mkwe mwenye damu safi zaidi, maana mwenyewe moyo ulisimama, saa ikaendelea. Wakwe tuko wawili. Mimi, muuza misumari na rangi. Na mwanyumba wangu, fundi bomba, aliyeoa dada wa mke wangu. Mrefu. Hana kitambi. Nampenda kama ndugu. Lakini saa ile haitamkaa, mkono wenyewe kama ufito!

Jumatano, 6 Machi
Tumepimwa. Kolesteroli mbaya, ile ya LDL: sare! Nikampa mkono kiungwana. Daktari akaharibu. Eti trigliseridi zangu, yale mafuta ya damu yanayonenepeshwa na soda na keki, ziko juu. Za mwanyumba ziko chini. Na zikijaa, chembe za LDL hunywea, zikawa ndogo na nzito. Akaniuliza kilo ya misumari ya inchi moja na kilo ya inchi sita, ipi ina misumari mingi. Nikamjibu asinifundishe kazi yangu. Akasema basi hiyo ndiyo damu yako, mzee: vidogo vingi, vinapenya ukuta wa mshipa, vinakawia humo, vinaoksidika upesi, kama chuma kinavyoshika kutu. Hapo ndipo mshipa huanza kuziba. Za mwanyumba huenda ni kubwa na nyepesi. Hakuzipima kwa rula. Anakisia kwa trigliseridi. Akaongeza kwamba hata kubwa zikizidi si salama. Hilo mke wangu hakulisikia. Njia nzima: shemeji hivi, shemeji vile.
Hata chembe zake zimenizidi!
Kipimo kingine Ijumaa ya wiki ijayo. Hapo ndipo saa itaamuliwa.

Jumamosi, 9 Machi
Sina wivu. Nina mpango. Kama sukari imezifanya chembe zangu zinywee, za kwake ni za mbao? Nimempelekea keki ya zabibu, kubwa, na utepe. Mke akauliza leo nimekuwa malaika tangu saa ngapi.

Jumapili, 10 Machi
Keki imerudi! Kaileta mwenyewe, kwa miguu, bila hata kuhema. Eti ukarimu wangu umemgusa, ila anachunga damu, ndugu yangu. Nimeificha dukani nyuma ya makopo ya rangi.

Jumatano, 13 Machi
Kutupa chakula ni dhambi. Nimekata kipande chembamba. Kikakatika upande. Nikakata kingine kuunyoosha. Sisi watu wa vifaa hatuvumilii pembe isiyo mraba. Ikapinda upande wa pili.

Alhamisi, 14 Machi
Keki imenyooka. Imekwisha. Daktari alisema nisile kitu kuanzia usiku, na nimetii: nilimaliza magharibi.

Ijumaa, 15 Machi
Aibu! Trigliseridi zimepaa. Daktari akauliza nimekula nini. Nikasema mimi? Mke wangu akanyoosha mkono, akachomoa zabibu kwenye masharubu yangu, mbele ya wote. Mwanyumba akajikohoza, muungwana yule, nikamchukia zaidi. Mama mkwe akafungua kitambaa, akamvika saa. Imemkaa kama aliyezaliwa nayo.

Jumapili, 17 Machi
Mke wangu hakugomba. Ingekuwa nafuu. Aliniambia tu kwamba hana haja na saa ya mtu. Anataka mwenye mkono, abaki hai. Nikanywa chai yangu bila sukari. Nimeapa. Soda basi. Keki basi. Kutembea kila asubuhi.
Mchana mama mkwe akakumbuka kuna mwavuli wa marehemu, wenye mpini wa mbao. Atapewa mkwe atakayeshusha trigliseridi kwa kiasi kikubwa zaidi mpaka mwisho wa mwezi. Kushusha! Mimi ndiye niliye juu darini. Mwanyumba yuko sakafuni, atashuka kwenda wapi? Mwavuli ni wangu!
Ila yule si wa kumwamini. Nimemnunulia keki ya chokoleti, hiyo hatairudisha. Nimeifungua tu kuikagua kabla ya kumpelekea.
Kona moja haikuwa mraba.