Sura ya Kavugho Mlangoni

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa tano 2025

Nimewekwa mkubwa wa protocole, wa kupokea watu, kwenye mlango wa wamama! Ni kwa konseri ya Jumamosi, ya kusaidia wakimbizi wa vita. Wamenichagua kwa sababu ninajua sura zote za soko. Lakini Ambroise, mwalimu wa université, ameleta mashine yenye kamera. Eti inajua sura kunipita. Kunipita mimi! Nimemwambia nimezaa watoto saba na sijawahi kuwachanganya. Akacheka. Hakuna cha kucheka.

Sheria zake nyingi. Kila mtu akubali kwanza kupigwa picha. Orodha nyekundu ni ya wenye fujo tu. Baada ya konseri picha zote zinafutwa. Taa ya njano ikiwaka, mashine haina hakika: lazima mtu aangalie kwa macho yake na kuuliza vizuri. Mtu huyo ni mimi. Donc mashine iko chini yangu.

Jumanne, tarehe 6

Kavugho, mwenzangu wa kwaya, amesema mbele ya kwaya nzima madesu yangu iko na mawe. Maharagi safi ya Butembo! Wamecheka wote. Na Jumamosi atakaa kiti cha mbele, karibu na padri wetu, abbé Édouard. Tutaona.

Ambroise ameniomba picha za wale walevi wawili waliovunja viti mwaka jana. Nimempa tatu. Ya tatu ni Kavugho, kwenye ndoa ya jirani yetu Hubert. Nimesema huyu mama akinywa anapigana. Kavugho hanywi hata fanta. Ambroise ameuliza kama nina hakika. Nimemuuliza kama ananiona mtoto.

Alhamisi, tarehe 8

Nimejaribu mashine mara tatu. Na kitambaa kichwani, bila kitambaa, nimekunja uso. Kila mara inanijua. Inakera.

Nilitaka kumwambia Ambroise aondoe picha ile. Kisha Kavugho akapita, akanisalimu kwa upande mmoja wa mdomo. Picha ikae.

Jumamosi, tarehe 10

Aibu. 

Asubuhi, mbele kabisa kwenye foleni, mama mwembamba amevaa kitenge, kikwembe kile cha Kavugho. Nilikijua kikwembe. Taa ikawa njano. Ambroise akasema: "Sitini na mbili kwa mia, mama Kahambu. Si hakika. Muangalie vizuri."

Nikamwangalia. Kavugho iko na kovu kwenye kidevu. Huyu hana. Akasema kwa upole anaitwa Marthe, mdogo wa Kavugho. Amefika juzi kutoka Lubero. Njiani, Mambasa, watu walipokimbia, alipoteza binti yake wa miaka sita. Leo abbé atasoma majina ya watoto waliopotea. Anaomba apite haraka.

Nilijua kabisa. Lakini kama ningesema si Kavugho, Ambroise angeuliza Kavugho alifanya nini mpaka awe kwenye orodha. Na wamama wote nyuma walikuwa wametega masikio. Nikasema: "Ni yeye. Anadanganya jina."

Anadanganya jina! Tangu drones za vita zifike mpaka huku, neno hilo mtu hachezi nalo: maana yake jasusi. Askari wawili walikuwa kivulini. Wakamchukua. Akapiga kelele: "Mama, mwite dada yangu! Mwite tu!" Nikaangalia viatu vyangu.

Baada ya dakika kumi, Kavugho mwenyewe huyo, anatafuta mdogo wake. Taa nyekundu, tisini na nane kwa mia. Ambroise akaangalia mashine, akaangalia mimi. Akasema mashine haijakosea hata mara moja leo. Wamama wakamwambia Kavugho mdogo wake amepelekwa kambi ya askari, akakimbia huko. Mimi nikakimbia chooni.

Kutoka mle nikasikia abbé anasoma majina kwenye micro. Papa mmoja, mtu mzima, akaitika kwamba anaye mtoto wa kike wa Lubero, mama yake anaitwa Marthe. Akarudia mara tatu. Hakuna aliyejibu. Mimi nilijua. Sikufungua mlango.

Jumapili, tarehe 11

Baada ya misa nimeenda kambini na abbé. Nimemwambia papa commandant, mkubwa wa askari, nimesema uongo kwa sababu ya madesu. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Askari wakageuza nyuso, mabega yanacheza.

Marthe ametoka, kikwembe kimejaa vumbi. Hakunitukana. Angenitukana ningepumua.

Papa wa jana ni Yakubu, dereva wa lori. Alikuwa amemaliza kupakia kwenda Banalia, na mtoto ndani. Aliacha numero yake kwa abbé. Abbé akampigia, Yakubu akazima lori, akasubiri mpaka tukafika. Mtoto amemshika mama yake shingoni na hataki kuachilia. Kavugho akanigeukia: "Kahambu, hayo macho uliwekewa ya kazi gani?"



Jumatano, tarehe 14

Nimeomba msamaha mbele ya wamama wote wa parokia. Kwa magoti, na magoti yangu haya. Marthe mwenyewe ndiye aliyenisimamisha. Nimelia kweli. Wamama wamelia. Isipokuwa Berthe, yule wa mafuta ya mawese. Berthe amecheka. Nimemwona!

Ambroise amenitoa kwenye protocole. Kisha akafuta picha zote mbele yangu, moja moja, ili nione. Nimemwomba aache moja tu, mpaka sikukuu ya parokia. Ya Berthe. Nimemwambia ni kwa usalama.