Baridi ya Mafuta ya Taa

Renatus aliliona lile friji limelala kifudifudi nyuma ya nyumba moja pale Mukendo, mjini Musoma, na moyo ukamwambia: hili si friji. Moyo wa Renatus ulikuwa na tabia hiyo. Enzi za shida, sabuni ilipokuwa adimu Musoma nzima, ulimwambia kwamba udongo mweupe wa kando ya ziwa si udongo, na akauza vipande vingi kabla wateja hawajafika bafuni. Msako wa walanguzi ulipomkuta, askari walipekua mzigo wake wakaona ni udongo mtupu, na udongo haukuwa magendo. Wakamwachia. Ndiyo siku pekee ambayo ukweli ulimfaa, naye hakutaka kuuzoea.

Sasa mambo yalikuwa ruksa. Sabuni ilirudi madukani, mitumba ikajaa sokoni, na tapeli wa watu akajikuta anashindana na bidhaa za kweli, tena za bei rahisi. Watu huzungumzia ugumu wa maisha wa wakulima na wavuvi. Maisha ya mwongo miaka ile, jamani, nani aliyazungumzia?

Na Renatus hakuwa na muda wa kuangalia upepo. Alikuwa amempenda Dafroza, binti wa Mzee Nyamhanga wa Butiama, na safari hii alikuwa amependa kweli, jambo lililomshangaza yeye kuliko mtu yeyote. Mzee Nyamhanga alitaka ng'ombe. Noti hakuzitaka, akisema thamani yake inashuka zikiwa bado mfukoni. Tena akaweka mpaka: mavuno yakiisha ng'ombe hawajaonekana, Dafroza ataolewa na karani mmoja wa Kitaji ambaye ng'ombe anao, sura ndiyo hana. Renatus sura alikuwa nayo. Bahati mbaya, sura haikamuliwi.

Lile friji liliachwa na Wazungu wa mradi fulani ulioishiwa fedha. Lilikuwa la mafuta ya taa: unawasha utambi chini, moto unapandisha joto kwenye bomba la nyuma, na ndani kunakuwa baridi. Kwa nini moto uzae baridi, Renatus alishaelezwa mara nyingi na hakuwahi kuelewa. Ila hili lilikuwa limekufa. Ukiliwasha, nyuma linachemka, ndani hakuna kitu. Mlinzi wa nyumba ile alifurahi kulibadilisha kwa koti la mtumba.

"Utalifanyia nini?" mlinzi aliuliza.

"Mimi? Hata sijui," akasema Renatus, ambaye tayari alishajua, na alishamjua na mteja.

Mteja alikuwa Mzee Mwikwabe wa Nyamuswa, mkulima wa pamba na mwenye zizi la kuonekana kwa mbali. Mzee huyu alikuwa wa kwanza upande wa kwao kuezua nyasi na kuezeka bati, na tangu siku hiyo hakupata raha. Mchana nyumba iliwaka, usiku iliganda. Habari zake zilikuwa kichekesho mpaka kwenye vibanda vya chai vya Bunda. Kila mtu aliyesikia alicheka. Renatus peke yake alisikitika, kwa masikitiko ya mfanyabiashara.

Akapaka friji rangi ya kijani, akabandua maandishi ya kizungu mlangoni, akavaa kalamu mbili mfukoni na kuanza kujiita Injinia. Mguu mmoja wa friji ulikuwa umepinda, kwa hiyo utingo wa lori aliligeuza kichwa chini miguu juu, akalifunga juu ya magunia. Likasafiri hivyo hadi Bunda, likalala hivyo kwenye lori lililoharibika njiani, likafika Nyamuswa bado linatazama ardhi. Renatus hakujali. Maiti haiulizi imelazwa vipi. Alichokilinda ni bonge la barafu ya samaki alilolinunua Musoma, akalifungia ndani ya gunia la pumba za mbao na kulipakata njia nzima. Suruali yake ililowa mahali pabaya, na abiria wenzake wakasogea.

"Mzee wangu," alianza, akiwa amekalishwa sebuleni chini ya bati lililokuwa likialika kwa jua, "nyumba kama hii ni ya heshima. Tatizo ni hali ya hewa. Na kuna njia tatu za kuitengeneza."

"Taja," akasema Mzee Mwikwabe, huku jasho likimtiririka shingoni.

"Ya kwanza ni kiyoyozi. Kinataka umeme. Umeme mnao?"

"Unapitaga kule barabarani, kwenye maneno ya wagombea."

"Ya pili ni mashine kubwa ya Nairobi. Hiyo inataka jenereta na ng'ombe ishirini. Ni ya mabwana wakubwa, si ya mwananchi. Ya tatu ndiyo hii. Mbele inatoa baridi, nyuma inatoa joto. Tunatoboa ukuta wa chumbani, tunaichomeka katikati. Mchana unafungua mlango, sebule inapoa. Usiku unalala upande wa pili, mgongo wa mashine unakupa joto. Chakula chake mafuta ya taa, kidogo tu, kama kibatari."

"Na ya nne ipo," alisema mke wa mzee, Mama Wankyo, aliyekuwa akipepeta mtama mlangoni. "Turudishe nyasi."

"Wankyo! Watu watanionaje?"

"Kwani sasa wanakuonaje? Kila usiku unalalaga jikoni kwangu, umejikunyata chini ya nyasi hizohizo."

Mzee akakohoa. Injinia, kwa adabu, akatazama pembeni.

Ukuta ukatobolewa, mzee mwenyewe akishika sururu. Wakati watu wanasomba udongo nje, Renatus alilisukuma friji mahali pake, akalisimamisha, akalitia barafu kule juu na kuwasha utambi. Baada ya kusubiri kwa mazungumzo marefu yenye neno "teknolojia" mara nyingi, akamwita mzee atie mkono ndani.

Mzee akautia. Akautoa. Akautazama.

"Baridi!" akasema. Kisha akazunguka chumbani akagusa nyuma, akaruka. "Moto! Wankyo, njoo uone. Moto na baridi kwenye ukuta mmoja!"

Mama Wankyo alikuja akanusa. "Mbona baridi yake inanuka sangara?"

"Ni gesi, mama. Ikiwa mpya inanukaga hivyo," akajibu Renatus, na moyoni akajipongeza kwa kuwahi.

Wakafika kwenye bei. Renatus alikuwa amepanga kutaja ng'ombe wanne, alie kidogo, apokee watatu.

"Kwa nini unataka ng'ombe? Vijana wa mjini mnapendaga noti," mzee akauliza.

"Naoa, mzee wangu. Baba mkwe wangu hataki noti. Ni Mzee Nyamhanga wa Butiama."

Ungo ukatulia mikononi mwa Mama Wankyo. Mzee Mwikwabe akapiga chafya isiyokuwa na sababu.

"Nyamhanga yupi? Yule mrefu, mwenye pengo hapa mbele?"

"Huyohuyo. Mnafahamiana?"

"Kwa mbali," akasema mzee, na kumtazama mkewe. Walitazamana kwa kitambo, kama watu wanaosoma barua moja. "Sikiliza, mura. Wewe ni kijana mzuri. Kesho asubuhi utaondoka na ng'ombe sita."

Sita! Renatus alilala usiku ule akiusifu mdomo wake. Alifikiri kwamba mdomo kama huo ulistahili kukatiwa bima.

Asubuhi ng'ombe walitolewa zizini. Kwa kuwa Mara, kwa wizi wa mifugo, si mkoa wa kutembeza ng'ombe kienyeji, balozi wa nyumba kumi aliitwa kushuhudia.

"Hawa wanaenda wapi?" balozi aliuliza.

"Kwa Nyamhanga, Butiama," akajibu Mzee Mwikwabe. "Kijana huyu anawapeleka. Fimbo hana, nimempa ya kwangu."

Renatus alishika njia akipiga mluzi. Mluzi ulimwishia alipokutana na sungusungu, walinzi wa vijiji wenye pinde na nyuso zisizopenda utani.

"Ng'ombe wa nani?"

"Wangu," akasema Renatus.

Wakavitazama viatu vyake vya ncha kali, kalamu zake mbili, na jinsi alivyokuwa akiwaogopa ng'ombe "wake". Upinde mmoja ukainuka taratibu.

"Wa Mzee Nyamhanga!" Renatus akapiga kelele. "Wa Mzee Nyamhanga wa Butiama, nampelekea!"

"Sasa si ungesema," wakamwambia, na upinde ukashuka.

Tangu hapo hakusubiri kuulizwa. Kila aliyekutana naye, mchunga mbuzi, mama mwenye ndoo, mwinjilisti kwenye baiskeli, alitangaziwa kwamba wale ni ng'ombe wa Mzee Nyamhanga. Njia nzima hadi Butiama ilikuwa shahidi.

Mzee Nyamhanga alikuwa amekaa na wazee wenzake. Dafroza alichungulia kwenye mlango wa jiko, akaona ng'ombe, akaziba mdomo kwa khanga. Renatus alimwona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akajisikia mtu mwenye mali. Alifurahi hata machozi yakamlengalenga.

Mzee Nyamhanga akasimama. Akawatazama ng'ombe kwa muda. Kisha akaita, kwa sauti nyororo:

"Subira?"

Ng'ombe mwekundu akainua kichwa, akaja mbio, akamlamba mkono.

"Magendo! Umekonda, mama yangu. Na wewe, Foleni, pembe imekuwaje?"

Renatus akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeanza kuona giza. "Majina yao umeyajuaje, baba?"

"Niliwapa mwenyewe. Ule ukame mkubwa niliwakabidhi kwa Mwikwabe wa Nyamuswa anitunzie, kama tunavyotunzianaga huku. Tangu hapo namdai. Nikimtuma mtu, njia mbaya. Nikimtuma mwingine, wanaumwa. Juzi nikamwambia nakuja na wazee." Akamshika Renatus mabega. "Kumbe amekutumia wewe! Kijana wa mjini, peke yako, porini kote huko, na hujapoteza hata mmoja!"

Wazee wakapiga makofi. Mmoja akasema hajaona uaminifu wa namna hiyo tangu ujana wake.

Renatus alifungua mdomo. Ule mdomo wa bima. Angesema nini? Kwamba alilipwa ng'ombe wale? Kwa kitu gani? Na nani alimsikia akipewa? Balozi alisikia "anawapeleka". Alichopewa ni fimbo. Na njia nzima ilimsikia yeye mwenyewe akitaja mwenye mali kwa jina, bila hata kuulizwa. Akaufunga mdomo.

"Si kitu, baba," akasema.

"Haya," Mzee Nyamhanga akasema kwa furaha, akikaa tena. "Hao ni wangu. Wa kwako wako nyuma?"

Jioni Dafroza alimkuta amekaa juu ya jiwe nyuma ya jiko, akitoa kupe kwenye suruali.

"Renatus, Mwikwabe ulimpa nini?"

Angeweza kudanganya. Alichoka. "Friji bovu. Nikasema linapoza nyumba."

Dafroza alijaribu kukasirika, uso ukakataa. Alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani umemlipa mtu friji ili umchungie ng'ombe?"

"Ukisema hivyo inaonekana ujinga."

"Sema wewe basi, niione akili." Akafuta machozi. "Mimi karani simtaki. Lakini baba hatangoja, unajua."

Renatus alijua, na kwa hilo hakuona cha kuchekesha.

Siku chache baadaye Mzee Nyamhanga alimwita, uso umechangamka. Mwinjilisti wa baiskeli alikuwa amepita Nyamuswa, na alikuwa na habari. Mashine ya Mwikwabe, ile aliyoletewa na Injinia Renatus, ilikuwa inagandisha maji yakawa jiwe. Watu walikuwa wakija kutoka Bunda kunywa soda baridi. Baadaye wajuzi walimweleza Renatus kwamba friji la namna ile likifa, dawa yake mojawapo ni kulisafirisha kichwa chini ukaliacha likae hivyo siku nzima. Alishukuru kwa elimu hiyo, akaenda kujigonga kichwa taratibu kwenye ukuta.

"Sikujua kama wewe ni injinia kweli," Mzee Nyamhanga akamwambia. "Mimi si mtu wa tamaa. Nyumba yangu nayo ni ya bati. Niletee mashine kama ile kabla mavuno hayajaisha, nitaihesabu badala ya ng'ombe wote sita, na binti umchukue."

Mashine kama ile mkoa mzima wa Mara ilikuwa moja.

Renatus alifika Nyamuswa amechakaa kwa vumbi. Juu ya bati la Mzee Mwikwabe aliona kitu kipya: nyasi, zimelazwa nene na kufungwa kwa kamba vizuri, kazi ya Mama Wankyo. Ndani palikuwa na ubaridi mtamu. Tundu la ukutani lilishazibwa, na mashine ilikuwa mlangoni, imezungukwa na makreti ya soda na foleni ya watu.

"Injinia!" Mzee Mwikwabe akamlaki kwa mikono miwili. "Nyumba ameshaitengeneza huyu mama, kwa nyasi. Hii tumeipa kazi nyingine. Karibu, kunywa kitu baridi."

Renatus hakunywa. Akamweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza, na maneno ya kweli yalimwia mazito kuyatamka kwa jinsi alivyokuwa hana mazoezi. Akamalizia kwa kuomba. Aliomba kweli, mikono imeshikana, mbele ya wanywaji soda wote.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Uso wake ukalainika. Akamtazama mkewe, na mkewe akaitikia kwa kichwa.

"Siwezi kuvunja ndoa ya kijana," akasema Mzee Mwikwabe. "Nitakuuzia. Ng'ombe sita." Akamshika bega kwa upole wa baba. "Lakini, mura, mara hii wawe wa kwako."